Mwizi wa Joto

Bi Pekua alikuwa amewahi kufuatilia waume watoro, pikipiki zilizobadilishwa rangi, na mara moja jino la dhahabu lililotoweka kinywani mwa marehemu. Lakini katika miaka yake yote ya upelelezi, kwanza polisi, kisha kwa kujitegemea, hakuwahi kuitwa kumtafuta mtu aliyeiba joto.

"Umesema joto?"

"Joto, dada. Limeibwa, na linaendelea kuibwa hivi tunavyoongea."

Aliyesema hivyo alikuwa mwenye hoteli, ambaye wafanyakazi, wageni na hata watu wa benki walimwita Mama Hoteli. Alisimama katikati ya mapokezi juu ya zulia jekundu jipya, amevaa koti la zambarau ambalo mabega yake yalikuwa yamepanda hadi yakakaribia hereni. Akitaka kutazama pembeni ilibidi ageuke mzima.

Bi Pekua hakuvua hata moja kati ya sweta mbili alizovaa. Alikuwa mtu wa baridi tangu utoto, na wenzake wa kituoni walikuwa wakimtania kwamba siku akifa hatahitaji jokofu. Hoteli nayo ilijengwa ukingoni mwa ziwa, mahali pa juu ambapo upepo hausubiri ualikwe ndani.

"Nieleze taratibu," alisema. "Nani anaiba, anaibaje, na akishaiba anaweka wapi?"

"Ningejua hayo ningekuita wa nini?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Hoteli haikupasha maji kwa kuni wala kwa mafuta. Ilikuwa na mtambo unaochota joto kutoka kwenye maji ya ziwa na kulipeleka bafuni. Siku ya majaribio, kabla ya sherehe ya ufunguzi, maji yalifika chumba cha mwisho ghorofa ya juu yakiwa moto wa kukufanya uruke. Baada ya sherehe, chumba hicho hicho kilianza kupata maji ya uvuguvugu, na siku nyingine hata uvuguvugu ulikuwa wa kubembeleza. Mgeni mmoja alishuka mapokezi akiwa na taulo kiunoni na povu kichwani, akauliza kama hapa ni hoteli au ni ubatizo.

"Kati ya majaribio na sherehe, kitu gani kilibadilika?"

"Hakuna. Tulifanya usafi tu. Mimi, dada, si kama hawa wanaonunua kochi wakakalia nailoni mpaka wajukuu wazaliwe. Vitu vyangu vilipofika vyote nikawaambia watu wangu: vueni! Tuwe hoteli, tusiwe bohari." Alipangusa vumbi lisilokuwepo begani. "Turudi kwa mwizi. Mwizi namjua."

"Nani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mkwe wangu."

Mkwe huyo, mume wa binti yake wa pekee, ndiye fundi aliyefunga mtambo na ndiye aliyeutunza. Mama Hoteli alikuwa na ushahidi wake tayari. Ufunguo wa chumba cha mashine alikuwa nao mkwe peke yake. Jirani kulikuwa na dobi ambaye siku hizi mvuke ulimtoka madirishani kutwa. Na fundi alionekana zaidi ya mara moja ameketi kwa dobi huyo, wanacheka mpaka wanafuta machozi.

"Anamuuzia maji yangu ya moto. Kuna bomba la siri. Wewe litafute tu." Akashusha sauti. "Leo jioni napokea mkutano wa madaktari wa meno. Hoteli imejaa. Wakioga maji baridi, meno yatagongana mbele ya wenye taaluma yao. Mkuu wa kituo cha polisi nimeshamwambia akae karibu na simu. Wageni wasipopata maji ya moto, mkwe wangu analala ndani, na binti yangu anarudi nyumbani leo leo na virago vyake."

"Binti anasemaje?"

"Anampenda. Shahidi wa namna hiyo hafai."

Kwa mara ya kwanza Bi Pekua aliiona kesi. Ya joto hakuyaelewa bado, lakini ya ndoa kuvunjwa kabla ya magharibi aliyaelewa vizuri sana.

*

Bawabu ndiye aliyempeleka chumba cha mashine. Alikuwa mtu mwembamba, lakini sare yake mpya ilikuwa na mabega ya mbeba mizigo, na mlangoni alipita ubavu ubavu. Njiani upepo wa ziwa ulivuma hadi Bi Pekua akafunga kifungo cha juu. Bawabu alikuwa anafuta jasho shingoni.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Ni sare. Kichwa na miguu vinaganda, huku mabegani nachemka." Akainama kama anayetoa siri ya serikali. "Mimi sikusoma, lakini hili la joto nalijua. Ziwa limeisha. Ukichota kila siku bila kujaza, si litaisha? Kaka yangu alikuwa na kisima hivyo hivyo."

"Samaki wameganda?"

Bawabu alifikiri. "Hilo sijawauliza."

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya hoteli, karibu na maji. Ndani yake fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya chujio kubwa la chuma, analisugua kwa brashi kama mtu anayemwosha mtoto shingo. Alivaa mabuti ya mpira yaliyojaa tope la ziwa mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaosha nini?"

"Chujio. Maji ya ziwa yanaingia na majani, konokono, mara moja kandambili. Chujio likiziba, maji hayapiti vizuri, mashine inakosa pa kuchotea joto, inazima. Nimelisafisha jana. Na juzi."

"Lilikuwa limeziba?"

"Halikuziba."

"Sasa unalisafishia nini?"

"Nifanye nini kingine, mama?" Fundi alisimama, na mara akawa mtu mwingine, maana alikuwa ameulizwa kuhusu mashine. "Nimepima gesi, iko sawa. Nimesikiliza kompresa, inaimba vizuri. Pampu inasukuma. Tazama kipimajoto hiki: maji yanatoka hapa kwenda vyumbani yana digrii sitini. Hayo si maji ya kuchezea. Tazama hiki cha pili: mzunguko ukirudi, yamepoa kama chai iliyosahauliwa na mgonjwa. Mashine ilitakiwa ikishapasha ipumzike. Hii haipumziki. Inapasha, inapasha, inapasha, kama mke mwenza anayepikia wageni wasioisha."

"Subiri. Mimi nilishaingiza mguu kwenye ziwa hilo. Joto gani limo humo?"

Fundi alitabasamu. Inaelekea swali hilo alilingoja tangu alipoamka.

"Una friji nyumbani? Inatoa joto wapi? Ndani, kwenye maziwa ambayo tayari ni baridi. Inalimwaga wapi? Nyuma. Weka mkono nyuma ya friji uone. Basi mashine hii ni friji ambayo maziwa yake ni ziwa zima, na mgongo wake umeelekea bafuni."

Bi Pekua aliweka mkono juu ya mabomba yanayotoka kwenye mtambo. Hakuhisi kitu. Yalikuwa yamevikwa sponji nene jeusi, na kila baada ya hatua kulikuwa na mshale mweupe uliochorwa kwa brashi ya rangi, ukielekea ukutani, na neno MOTO. Mkia wa kila mshale ulikuwa na ncha mbili zilizopanuka.

"Hii mikia?"

"Ya samaki. Ndiyo saini yangu. Fundi mwingine akija atajua kazi ni ya nani."

"Na baada ya ukuta huu bomba linakwenda wapi?"

Furaha ilimtoka fundi. "Linapita korido ya nyuma ya jiko, ndefu, mpaka jengo la wageni. Lakini huko kwa sasa sijui pakoje."

"Hujui? Si ulilifunga wewe?"

"Nimekatazwa kuvuka, mama. Siku ya sherehe pampu ilileta hewa, nikaitwa haraka, nikapita na haya." Alionyesha mabuti. "Juu ya zulia. Lile jekundu. Mama mkwe akasema mbele ya wageni kwamba mabuti haya hayatavuka mlango wake mpaka afe."

"Ungeomba ruhusa."

"Nitaombaje kuvuka wakati sharti ni yeye kufa? Si itakuwa namwombea mabaya?"

"Basi ungevua viatu."

"Nilivua. Akaziangalia soksi, akafunga mlango."

Bi Pekua aligeuka ukutani kidogo ili kicheko kipite. Alipogeuka tena aliuliza kwa sauti ya kituoni, "Unamuuzia dobi maji ya moto?"

Fundi alimkazia macho. Hakukasirika, na hilo Bi Pekua aliliona. Aliumia tu.

"Kumbe ndivyo anavyosema," alijibu polepole. "Mama, mimi yatima. Nilipooa nilisema nimepata mama. Niende nikamwibie?"

*

Jengo la dobi lilikuwa ng'ambo ya ukuta wa hoteli. Mvuke ulitanda humo hata Bi Pekua akalazimika kutoa salamu kwanza ili ajue binadamu yuko upande gani. Dobi alijitokeza kati ya mashuka mawili, akamtazama juu hadi chini, akainua mikono.

"Nakiri! Suruali ya mwalimu mkuu niliiunguza mimi. Lakini nitashona nyingine, na kiraka hakionekani akikaa."

"Sikuja kwa suruali."

"Ah." Dobi alishusha mikono. "Basi sikusema kitu."

"Maji yako ya moto unayapata wapi?"

Alimwonyesha. Nyuma kulikuwa na pipa kubwa juu ya mafiga, kuni chini yake zimekolea, na moshi uliomliza Bi Pekua bila huzuni. Alilizunguka pipa, akagonga kuta, akafuata kila bomba kwa kidole. Yote yalianzia kwenye pipa na kuishia kwenye mabeseni. Kando ya ukuta kulikuwa na mtaro mpya uliofukiwa. Aliazima jembe, akafukua mwenyewe, akafikia bomba nene, akalishika kwa viganja viwili. Lilikuwa baridi la kuumiza mifupa.

"Hilo ni la kuingizia maji ya ziwa kwa mashine ya hoteli," dobi alisema. "Fundi aliniomba lipite kwangu. Ungeniuliza kabla ya kuchimba."

"Na akija hapa mnacheka nini?"

"Anakaa kwenye kapu lile ananisimulia habari za mama mkwe wake. Akimaliza, mimi namsimulia za wangu. Mtu akisikia za mwenzake anapona." Kisha akakumbuka kero yake. "Ila kama wewe ni mtu wa hoteli, waambie mimi sare zao zitanishinda. Napiga pasi mabegani, yanashuka. Nikiinua pasi, yanapanda. Nikiziloweka, hazizami! Makoti yanasimama kwenye beseni, mabega juu, kama watu wanaoomba waokolewe. Mtoto wangu aliyaona akakimbia."

Bi Pekua aliyasikia hayo kwa sikio moja, kwa sababu la pili lilikuwa linasikiliza kesi yake ikifa. Bomba la siri halikuwepo. Joto lilitoka kwenye mashine likiwa zima, halikuvuka ukuta kwenda kwa dobi, na wageni hawakulipata. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Alimrudishia dobi jembe.

*

"Nionyeshe korido ya nyuma ya jiko," alimwambia Mama Hoteli.

"Huko hakuna kitu cha kuona, isipokuwa usafi." Lakini alimpeleka, na mlangoni akajaa fahari. "Unaona mabomba yalivyong'aa? Kila asubuhi yanafutwa. Unaweza kujitazama na kupaka wanja."

Ilikuwa kweli. Mabomba ya shaba yalipita ukutani kutoka mwanzo wa korido mpaka yalikopotelea kwenye jengo la wageni, yanameta kama sinia la harusi. Simu ililia mapokezi, na Mama Hoteli akageuka mzima kuikimbilia. Bi Pekua alibaki.

Alitembea taratibu, akitazama chini kama alivyofundishwa. Paka alikuwa amezalia kwenye boksi chini ya bomba, na wanawe walilala chali, miguu wazi, bila wasiwasi wowote wa maisha. Mbele yake soksi za wahudumu zilikuwa zimeanikwa kwenye bomba zikiwa zimekauka. Mbele zaidi, mpishi alikuwa ameacha sufuria ya unga uliokandwa karibu na ukuta, na unga umeumuka mpaka umesukuma kifuniko ukachungulia nje. Mwisho kabisa mlango ulikuwa wazi, na ndani ameketi mshonaji wa hoteli kwenye cherehani, amevaa fulana tu, anapepea kwa gazeti.

"Karibu, mama! Karibu kwenye hewa nzuri. Tangu sherehe korido hii ina baraka. Nilikuwa nashona na blanketi miguuni. Sasa je? Hata mafua nimesahau yanavyoandikwa."

"Tangu sherehe?"

"Tangu siku ile ile."

Bi Pekua alitaka kuuliza swali linalofuata, akainua mkono kufuta uso, akaona mkono hauinuki vizuri. Ulikuwa umebeba kitu. Alitazama. Sweta zake mbili zilikuwa zimekunjwa kwenye kiwiko. Alizivua mwenyewe, wapi na saa ngapi hakukumbuka, yeye ambaye usiku wa harusi yake alilala na kofia.

Alinyoosha kidole akagusa bomba linalong'aa, akakipeleka mdomoni haraka.

"Pole, hilo linaunguza," mshonaji alisema. "Sisi tumeshazoea."

"Joto halikuibwa," Bi Pekua alisema, zaidi kwa kidole chake. "Linashukia hapa hapa. Linatoka kule likiwa na nguvu zake, linapita korido nzima uchi, linampa paka, linampa unga, linakupa wewe. Likifika kwa wageni, hoi." Akamgeukia mshonaji. "Kwenye chumba cha mashine mabomba yamevaa. Haya nani kayavua?"

"Kuyavua?"

"Sponji jeusi. Nene. Lenye mishale."

Uso wa mshonaji ulifunguka kwa kumbukumbu njema. "Aa, lile la kusafirishia! Mama alisema tuvue vyote. Wenzangu walivua nailoni za makochi na maboksi ya friji, mimi nikapewa korido. Kazi ilikuwa kubwa, maana fundi alikuwa ameligundisha vibaya. Nikasema moyoni, huyu kijana ni mvivu, amefunga mabomba hata hajayatoa kwenye karatasi zake."

"Ukalitupa?"

"Kutupa?" Mshonaji alishtuka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhifadhi hadi vipande vya uzi. "Kitu kizuri vile? Mama alikuwa ameagiza sare mpya, akataka mabega ya heshima. Nikamwambia sina cha kujazia. Akasema nitafute mwenyewe, hoteli imejaa vitu. Na lile sponji, mama, ukilipasua kati lina mviringo wake tayari. Unaliweka begani, limekaa! Kama aliyelitengeneza alimpima bawabu." Aliinama akavuta magunia kutoka chini ya meza, yamejaa weusi. "Haya yaliyobaki nilikuwa nafikiria mito ya viti."

Bi Pekua alikwenda kwenye safu ya makoti yaliyotundikwa, akalibonyeza bega moja. Lilishuka. Aliliachia, likapanda.

Hapo ndipo alipomkumbuka dobi, na makoti yaliyokataa kuzama.

"Chukua mkasi wako," alimwambia mshonaji. "Twende mapokezi. Na uvae shati, tunakwenda kukamata mtu."

*

Mapokezi kila mtu alikuwa amesimama. Mama Hoteli alishika simu. Bawabu alikuwa kando ya mlango, ubavu ubavu. Nje ya kizingiti, mabuti yake yakiwa sawasawa na mwisho wa zulia, alisimama fundi, na pembeni yake mkewe na begi lake la nguo. Begi lilikuwa limefungwa, lakini haikujulikana linaelekea upande gani.

"Umelipata bomba la siri?" Mama Hoteli aliuliza.

"Nimempata anayetembea na joto lako. Yumo humu ndani."

"Mtaje!"

"Kwanza vua koti, dada."

"Mimi?"

"Wewe."

Mama Hoteli alivua koti la zambarau kwa hasira ya mtu anayejua atathibitishwa ni msafi, akalitupa juu ya kaunta. Lilitua likasimama, mabega juu. Bi Pekua alimpa ishara mshonaji. Mkasi ukapita kwenye mshono, bitana likaachia, na kitu cheusi kikaruka nje, kikabingirika juu ya kaunta na kutulia karibu na kengele.

Kilikuwa nusu ya mwanzi wa sponji. Mgongoni kilikuwa na mshale mweupe wenye mkia wa samaki, na chini yake, kwa mwandiko mzuri wa fundi: MOTO.

"Hilo ni blanketi la mabomba yako," Bi Pekua alisema. "Bila hilo, joto linaishia njiani. Mkwe wako aliyavika. Siku ya usafi yakavuliwa. Nusu iko kwenye magunia, nusu inasalimia wageni mlangoni." Alimwonyesha bawabu, ambaye alijishika mabega kwa mikono miwili kana kwamba amekutwa na mali ya wizi. "Aliyevua ni mshonaji. Aliyeamuru yavuliwe, dada, unamjua kuliko mimi."

"Nilisema nailoni!"

"Ulisema vyote, mama," mshonaji alijibu kwa upole. "Ukarudia mara mbili. Ukasema tusiwe bohari."

"Na yeye!" Mama Hoteli alimnyooshea mkwe wake kidole. "Kwa nini hakuja kuona? Fundi gani hapiti kukagua kazi yake?"

Fundi aliyatazama mabuti yake. Mkewe akayatazama. Mshonaji akayatazama, na mwishowe Mama Hoteli mwenyewe, na kadiri alivyotazama ndivyo kidole chake kilivyoshuka.

"Kikulacho..." bawabu alianza, kwa nia njema kabisa. Mama Hoteli alimtupia jicho, na methali iliyobaki akaimeza.

Ndipo fundi aliposema, na hakusema lolote ambalo wengine wangesema mahali pake. "Mama, kuna saa kadhaa kabla ya wageni. Sponji likirudishwa lote na viungo vikafungwa utepe vizuri, maji yatafika juu. Mtu akinipokea vifaa hapa mlangoni, nitamwelekeza. Atakayefunga atakuwa ndani, mimi nitasema kutoka nje."

Alikuwa amemaanisha. Angekaa nje ya kizingiti apige kelele mpaka jioni, kwa heshima. Mama Hoteli alilielewa hilo, na wote waliokuwepo waliona linavyomchoma. Bila koti alikuwa mwanamke wa umbo dogo, mwenye mabega ya kawaida kama ya mtu yeyote.

"Mkwe," alisema.

"Naam, mama."

"Nimekukosea. Nimekuita mwizi mbele za watu, na mbele za watu nasema nimekukosea." "Pita, mwanangu."

"Mabuti, mama."

"Nimeyaona. Pita nayo."

Fundi aliinua mguu, akausimamisha hewani, kisha akaukanyagisha. Tope la ziwa lilitandaza alama ya buti juu ya wekundu wa zulia, halafu ya pili, halafu ya tatu, mpaka mlango wa korido. Mkewe alitua begi akamfuata. Bawabu alishakimbia kuleta brashi na ndoo.

"Acha," Mama Hoteli alimwambia. "Kavue mabega kwanza."

Alasiri yote hoteli ilifumua. Wahudumu walikaa ngazini wakichana bitana, mpishi akachangia bega moja tu, la pili akalificha kwa sababu lilimpendeza, na mshonaji akapima mabomba kwa utepe wake shingoni akinung'unika kwamba wateja hawa hawana kiuno. Vipande vilivyokatwa vibaya alivishona pamoja, fundi akavivika na kufunga kila kiungo, akisifu mshono. Paka alihamishwa na boksi lake huku akilaani. Kufikia magharibi korido ilikuwa baridi kama zamani, na Bi Pekua alivaa sweta zake bila kinyongo.

Madaktari wa meno walipoanza kushuka kwenye basi lao, yeye alikuwa chumba cha mwisho ghorofa ya juu, mkono chini ya mfereji. Maji yalitoka baridi. Yakawa uvuguvugu. Aliukaza mkono, akangoja. Kioo kikaanza kufifia kwa mvuke, na Bi Pekua akaacha mkono pale muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji.

Aliposhuka, simu ya mapokezi ilikuwa inalia. Mama Hoteli aliipokea, akasikiliza, akamtazama mkwe wake aliyekuwa akiwapokea wageni mizigo na mabuti yake miguuni.

"Ndiyo, mkuu wa kituo," alisema. "Ndiyo, mwizi amepatikana... Hapana, msije. Ni mtu wa familia." Alilipangusa bega la koti alilolivaa tena, mahali ambapo bitana lilikuwa linaning'inia. "Tutayamaliza nyumbani."